Watoto Wetu na Simu: Mazungumzo Mbele ya Mkutano wa Wanafunzi wa Zamani

 

Katibu wetu amenipa nusu saa, naye amenionya kwamba wapishi hawatamngoja mtu. Kwa hiyo nitaingia katika jambo lenyewe bila kuzunguka. Alasiri ya leo mkutano utajadili hoja ya kuchangia chumba cha kompyuta cha shule yetu na kukiunganisha na intaneti. Mimi naiunga mkono hoja hiyo. Lakini naiunga mkono kwa masharti, na masharti hayo ndiyo yaliyonisimamisha hapa.

Sisi watu wa Nachingwea hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa chombo kikubwa kuletwa mahali kabla mtu hajauliza mahali hapo pakoje. Kati ya mwaka 1947 na 1951 Waingereza walileta matrekta hapa, na Kongwa, na Urambo, ili walime karanga. Bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, reli ikatandikwa mpaka Nachingwea. Karanga zilizotarajiwa hazikupatikana, mradi ukafa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Ubaya haukuwa katika trekta. Ubaya ni kwamba udongo na mvua viliulizwa baadaye. Basi sisi, kabla ya kuleta kompyuta, tuulize udongo kwanza. Mtoto wa Mkotokuyana anakutana na mtandao wapi hasa? Kwa chombo cha nani? Na wakati huo nani yuko karibu naye?

Simu ya Bibi

Chumba cha kompyuta si jibu la maswali hayo. Mtoto wa huku anakutana na mtandao katika simu ambayo si yake. Ni simu ya bibi, kwa sababu baba na mama wako Dar es Salaam wanatafuta maisha, au wamehamia shamba la mbali mpaka mavuno yaishe. Ni simu ya kaka aliyeuza ufuta. Ni simu ya mteja iliyoachwa kwenye kibanda cha kuchajia. Na mara nyingine hata mtandao hauhitajiki: kijana anapeleka memori kadi kwa mwenye kompyuta pale sokoni, anatoa fedha kidogo, anajaziwa nyimbo na sinema, na katikati ya nyimbo hizo yamo mambo ambayo mtoto wa miaka 11 hapaswi kuyaona. Wataalamu wanaotuambia tuwafungie watoto mtandao na mambo yatakwisha, nadhani kibanda hicho hawajakiona.

Msimu wa korosho ndio msimu wa simu. Minada ya chama chetu kikuu cha RUNALI ikianza, fedha zikiingia, simu mpya nazo zinamiminika vijijini. Sisemi ni vibaya. Mkulima aliyetoka jasho mwaka mzima ana haki ya kununua anachokitaka. Lakini tazameni kinachofuata. Mwenye simu macho yamechoka, au maandishi madogo hayasomi vizuri, basi mtoto wa darasa la sita anafanywa karani wa nyumba. Yeye ndiye anayesoma ujumbe wa benki, yeye ndiye anayeangalia salio, yeye ndiye anayejua namba ya siri. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, nyumba nyingi zimepata mweka hazina wa miaka 12 ambaye hakuna aliyemfundisha kazi.

Matapeli wanalijua hilo kuliko sisi. Ule ujumbe wa kuambiwa ile hela uitume kwenye namba hii, kila mtu humu ndani ameupata. Mtu mzima anaucheka. Lakini mtoto aliyeagizwa na bibi amtumie mjomba fedha, akiupata dakika ileile, ataona ni mjomba ameandika. Na upo utapeli mwingine mbaya zaidi: mzazi anapigiwa simu kwamba mwanawe ameanguka shuleni, amekimbizwa hospitali, atume fedha ya dawa upesi. Anayepiga anataja jina la mtoto, kidato na shule. Amelitoa wapi jina hilo? Kwenye orodha iliyobandikwa ubaoni na mtu akaipiga picha. Kwenye picha ya mahafali tuliyoiweka sisi wenyewe mtandaoni, jina na kidato chini yake. Au kwa mtoto mwenyewe aliyeulizwa kwa upole na rafiki asiyemjua.

Dawa yake si ngumu. Namba ya siri iwe ya mwenye fedha peke yake, hata kama mtoto ndiye anayebonyeza mengine yote. Shule iwe na namba moja inayojulikana na kila mzazi, na mzazi akipigiwa kwa namba nyingine akate, kisha apige ile anayoijua. Namba ya tapeli ipelekwe kwa ujumbe kwenda 15040. Na kila mwenye kitambulisho cha Taifa abonyeze *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lake, maana tangu usajili wa alama za vidole ulipokamilishwa mwaka 2020 laini ya uhalifu lazima iwe imeandikwa kwa jina la mtu, na mtu huyo anaweza kuwa bibi yako.

Jinsi Mtoto Anavyonaswa

Sasa naingia katika lililo zito zaidi, na naomba wazazi mnivumilie nikisema wazi mbele ya vijana. Wao wanalijua tayari.

Mwaka 2022 ilitoka ripoti ya utafiti uitwao Disrupting Harm, uliofanywa hapa Tanzania na ECPAT, INTERPOL na UNICEF. Utafiti huo ulikuta kwamba kati ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, asilimia 4 walikuwa wametendewa ukatili wa kingono kwa njia ya mtandao katika muda wa mwaka mmoja tu. Wakakadiria kuwa ni watoto wapatao 200,000. Asilimia 4 masikioni ni ndogo. Lakini chukueni darasa la wanafunzi 50 wanaotumia mtandao: hao ni wawili, nao wamekaa kimya kwenye madawati yao.

Namna inavyofanyika haibadiliki sana. Kwanza yanakuja maneno mazuri. Kisha zawadi, na zawadi ya siku hizi ni bando. Mtu anamrushia binti bando la wiki, hataki chochote, anataka salamu tu. Baadaye inakuja siri: usimwambie mama, hatatuelewa. Kisha picha, ya kwanza ya kawaida, ya pili si ya kawaida. Siku picha ya pili inapofika, yule mtu mwema anabadilika. Sasa anatoa amri: leta nyingine, au njoo tuonane, au tuma fedha, la sivyo naipeleka kwa baba yako na kwa mwalimu wako. Wavulana nao wasijidhani wako salama. Wao huandikiwa na mtu anayejifanya msichana, wanaombwa picha, na saa hiyohiyo wanadaiwa fedha. Mvulana huona aibu zaidi kusema, kwa hiyo hulipa, na aliyelipa mara moja hudaiwa tena. Siku hizi wapo wasiohitaji hata kutumiwa picha: wanachukua uso wa mtoto katika picha ya mahafali na kuubandika kwenye mwili mwingine kwa akili unde.

Na msidhani mtu huyo ni lazima awe mgeni wa nchi za mbali. Utafiti huo ulionyesha kwamba mara nyingi mtendaji ni mtu ambaye mtoto anamfahamu tayari. Ndugu, jirani, mpenzi wa shuleni. Mtandao umempa mlango wa pili tu, mlango usiolia bawaba.

Sasa niulize: ile amri ya mwisho, kwamba picha itapelekwa kwa baba, inapata wapi nguvu? Inapata nguvu kwa baba. Mhalifu hana fimbo. Anategemea fimbo yetu. Anajua kwamba mtoto akisema atapigwa, atanyang'anywa simu, ataitwa mhuni mbele ya wadogo zake, na pengine ataondolewa shule. Kila mzazi anayesema "nikikukuta na mambo hayo nitakuua" anamfanyia mhalifu kazi yake bila malipo. Nalisema hili kwa uzito wote, wazee wangu, kwa sababu ndilo pekee katika mazungumzo yangu ambalo halihitaji fedha, wala kompyuta, wala bando. Mtoto akija kukwambia, neno la kwanza litakalokutoka ndilo litakaloamua kama atasema yote au atameza yaliyobaki. Mwambie umefanya vyema kuniambia. Ya kukasirika yana wakati wake, tena hasira hiyo ina mwenyewe, naye si mtoto.

Baada ya hapo kuna kazi ya mikono. Msilipe hata shilingi. Msifute ule ujumbe, hata kama unachefua, kwa sababu ndio ushahidi. Namba, jina la akaunti, tarehe, vyote vihifadhiwe. Mzuieni mtu huyo asiweze kuandika tena. Pigeni 116, ambayo ni namba ya huduma kwa mtoto na haitozi, au nendeni polisi mwulize Dawati la Jinsia na Watoto. Na kwa picha ambayo tayari iko mikononi mwa mtu, upo mpango uitwao Take It Down, ulioanzishwa mwaka 2023 na kituo cha Marekani kinachoshughulika na watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Unatumika bure. Picha yenyewe haitoki katika simu ya mtoto. Inatengenezwa alama yake tu, mfano wa alama ya kidole, na kampuni zilizojiunga zinaitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa picha. Haifiki kila mahali. Katika kundi la WhatsApp la kijiji haisaidii kitu, na hapo ndipo ninapotaka kuwageukia ninyi wenzangu.

Maana sisi wanafunzi wa zamani tuna makundi yetu, na tunayapenda. Mara ngapi tumeletewa video ya mtoto anayepigwa, au binti aliyerekodiwa katika aibu yake, ikiwa na maneno chini: "sambazeni ili mzazi wake apatikane"? Nasi tukasambaza, tena kwa nia njema. Ndugu zangu, kila anayeisambaza anamvua nguo mtoto yule mara nyingine. Tena sheria haimwulizi mtu nia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipopitishwa mwaka 2015 iliweka kwa kosa la kuchapisha picha za ngono za mtoto, au kurahisisha upatikanaji wake, faini isiyopungua shilingi milioni 50 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ni kila aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo hata kijana wa kidato cha nne anayewaonyesha wenzake picha ya mchumba wake amekanyaga pabaya. Ikija video ya namna hiyo, ifikisheni kwa polisi, mwambieni aliyeileta aache, na isitoke mikononi mwenu.

Jando Lisilo na Kungwi

Kwetu huku, Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, mtoto hakutupwa katika mambo ya utu uzima bila kupitishwa mahali. Palikuwa na jando na unyago, palikuwa na makungwi, na mafundisho yalikuwa na wakati wake. Sitaki kudai kwamba yote ya huko yalikuwa mema, wanaojua wanajua. Lakini mpango wenyewe ulikuwa na akili: kila jambo zito lilikuwa na mtu mzima aliyesimama pembeni yake. Simu imeleta mambo mazito kuliko ya unyago, tena yote kwa siku moja, na hakuna kungwi. Na hapohapo niseme, maana msimu wake unakuja: kuna watu wanaorekodi ngoma za wali na kuziweka mtandaoni ili wapate watazamaji. Mwali ni mtoto. Ngoma ile ilikuwa ya kina mama waliomzunguka, haikuwa ya wanaume wa dunia nzima. Wenye ngoma wakataze simu, na viongozi wa vijiji wawasaidie.

Wengine huniuliza kwa nini Serikali isikataze tu. Australia imefanya hivyo: tangu tarehe 10 Desemba 2025 kampuni kubwa za mitandao ya kijamii zinatakiwa zisiwape akaunti watoto walio chini ya miaka 16. Ni jambo la kutazama. Lakini sheria ya namna hiyo inamtafuta mtoto mwenye simu yake. Wetu yuko kwenye simu ya bibi, na kwa mtandao yeye ni mama wa miaka 63. Hata ule umri wa miaka 13 unaotajwa unapojiunga na mitandao mingi haukutokana na mtu aliyewapima watoto na kuona kuwa wamekomaa. Ulitoka katika sheria ya Marekani ya mwaka 1998 iliyohusu taarifa za watoto wanaopungua umri huo. Mtoto wa miaka 10 anadanganya mwaka wa kuzaliwa ili aingie. Miaka michache baadaye, naye bado mtoto, mtandao unamhesabu ni mtu mzima, na ulinzi uliowekwa kwa watoto haumhusu tena. Kwa hiyo mzazi anayemfungulia mtoto akaunti asikubali udanganyifu wa mwaka. Ni kosa dogo lenye mkia mrefu.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Radio ilikuwa ndicho chombo kipya katika vijiji vingi. Lakini haikuachwa imwongoze mtu peke yake chumbani. Watu walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi aliyepewa mafunzo na kitabu mkononi. Walisikiliza, wakazungumza, wakaamua, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Watu karibu milioni 2 walishiriki nchini. Mimi sioni kwa nini tusifanye hivyo na simu. Jumapili moja kwa mwezi, baada ya ibada au chini ya mwembe, wazazi na watoto wakae na mwalimu mmoja, simu mkononi, waangalie pamoja: jinsi ya kumzuia mtu, jinsi ya kuweka WhatsApp ili usiingizwe kundini na mtu usiyemjua, jinsi ya kuitambua namba ngeni. Watoto ndio watakaofundisha sehemu kubwa, na hapo mzazi atapata nafasi ya kuuliza maswali ambayo nyumbani yangeonekana upelelezi. Sipendi upelelezi. Mtoto anayepekuliwa simu usiku anajifunza kuficha vizuri zaidi, basi. Afadhali kanuni inayojulikana na wote: usiku simu zote za nyumba, pamoja na ya baba, zinalala sebuleni penye chaja.

Masharti ya Chumba cha Kompyuta

Sasa masharti yangu, Ndugu Mwenyekiti. Kompyuta zipangwe ili vioo vyote vionekane kutoka mlangoni. Kila mwanafunzi aingie kwa jina lake mwenyewe, si kwa neno la siri moja la shule nzima. Chumba kisifunguliwe bila mwalimu au mlezi kuwepo, na mtu huyo alipwe posho yake; tukitaka afanye kazi ya jioni kwa kupewa shukrani peke yake, baada ya mwezi chumba kitakuwa mikononi mwa mwenye ufunguo. Vichujio viwekwe, lakini tusivitegemee sana.

Sharti langu kubwa halihusu mashine. Naomba shule iandike kanuni kwamba hakuna mwalimu, mfanyakazi, wala mwanachama wa umoja huu atakayeandikiana faragha na mwanafunzi kwa simu. Jambo la masomo lipitie kundi lenye walimu wawili au kwa simu ya mzazi. Najua walimu wema wataona tunawashuku. Mimi mwenyewe ni mwalimu. Kanuni hii inamlinda mwalimu mwema kwanza, kwa sababu siku mwingine atakapoandika saa tano usiku, hakuna atakayesema ndiyo desturi. Nasi wafadhili tumo. Anayemlipia mtoto ada asidai namba ya mtoto. Apewe ripoti ya mtihani na Mkuu wa Shule, inatosha.

Vijana, kwenu nina mawili tu. Mwenzenu akiwaonyesha picha ya binti wa shule hii, mliopo mnaweza kuimalizia hapohapo kwa kukataa kuipokea. Na yule ambaye sasa hivi, wakati nasema, moyo unamwenda mbio kwa sababu linalosemwa ni lake: namba ni 116, haitozi, na matroni na mwalimu wa malezi wamekubali mbele yangu asubuhi hii kwamba atakayekuja kwao na jambo hili hatapewa adhabu kwa kulisema. Wako pale, upande wa kulia, wamesimama ili muwaone.

Ndugu Mwenyekiti, masharti nimeyaandika na kumpa Katibu nakala arobaini. Naomba yasomwe pamoja na hoja, na yapigiwe kura kabla ya suala la fedha.